Jamaa ya Hogenberg, Wakata Nakshi wa Shaba
Somo juu ya Amri ya Nane

Yasomwe kwanza: Kutoka 20:16, Mithali 18:17, Yeremia 29:4–7.

Kila aliyepata kusimama mbele ya mlango wa zamani huko Lamu au Unguja ameiona kazi ya fundi wa nakshi. Fundi huyo hushika patasi yake, akakata maua na minyororo katika mbao ngumu, na kazi yake hukaa papo hapo mlangoni, ikionwa na wapitao njia. Leo twataka kuwaeleza habari za mafundi wengine wa nakshi, ambao hawakukata mbao bali shaba. Tena kazi yao haikukaa mahali pamoja, bali ilipigwa chapa juu ya karatasi ikaenda nchi nyingi. Hao ni jamaa ya Hogenberg, Waflemi wa mji wa Mechelen, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji.

Twawaleta mbele yenu kwa sababu mbili. Kwanza, walikula chakula chao katika nchi za ugeni, na mmoja wao alifukuzwa kwao katika siku za mateso ya Matengenezo ya Kanisa. Pili, katika kazi yao imo picha ya miji ya pwani yetu, Mombasa na Kilwa, iliyotolewa mwaka 1572. Picha hiyo ni ndogo, lakini yatufundisha neno kubwa kwa habari ya amri ile ikatazayo ushuhuda wa uongo, ambayo katika Katekismo yetu ni Amri ya Nane.

1. Kazi yenyewe

Imetupasa kuielewa kazi kabla ya kuwaelewa watu. Fundi huchukua bamba la shaba nyekundu, akalisugua hata liwe laini kabisa. Kisha hushika chuma chembamba chenye ncha kali, na mpini wake wa mviringo hukaa katika kiganja. Hakivuti chuma kama mtu avutavyo kalamu, bali hukisukuma mbele, nacho huchimba mfereji mwembamba katika shaba. Mkono mmoja husukuma, na mkono wa pili huligeuza bamba polepole ili mstari upinde. Mfereji ukienda chini sana, mstari utatoka mweusi na mnene. Chuma kikigusa kidogo tu, mstari utakuwa mwembamba kama unywele.

Tena yampasa fundi kuchora mambo yote kinyume. Lililo upande wa kuume aliweke kushoto, na herufi azikate kinyumenyume, kwa maana karatasi itageuza yote. Akiisha kukata, hupaka bamba wino, kisha huupangusa wino huo juu ya uso wa shaba, hata usalie ndani ya mifereji tu. Ndipo huweka juu yake karatasi iliyolowanishwa, na kuvipitisha vyote viwili kati ya magogo mawili ya mtambo yaliyokazwa kwa nguvu. Karatasi huingia katika mifereji na kuuchukua wino, na picha imekwisha. Bamba moja laweza kutoa mamia ya picha kabla ya mistari yake kuchakaa.

Angalieni neno hili, kwa maana tutalirudia. Mchoraji wa picha moja akikosea, kosa lake li katika picha moja. Bali mkata shaba akikosea, kosa lake hutoka katika kila karatasi, likasafiri hata kwa watu asiowajua wala hatawaona kamwe. Kosa hilo laweza kuondolewa, lakini kwa taabu: hana budi kuisugua shaba mahali pale, na kuigonga kwa nyuma hata uso wake uwe sawa tena, ndipo akate upya. Na karatasi zilizokwisha kutoka hazirudi.

2. Baba na wana

Baba wa jamaa hii aliitwa Nicolas Hogenberg. Asili yake ilikuwa mji wa Munich katika nchi ya Wadachi, naye alihamia Mechelen na kufanya kazi huko. Kazi yake iliyojulikana sana ni mfululizo wa picha za maandamano yaliyofanywa mjini Bologna, katika Italia, mwaka 1530, wakati Papa Clement wa Saba alipomvika taji Kaisari Karl wa Tano. Picha hizo zawaonyesha Papa na Kaisari wakienda pamoja chini ya kitambaa kimoja cha heshima, na majeshi na wakuu mbele na nyuma yao. Ni Kaisari yule yule ambaye katika mwaka huo wa 1530 alisomewa Ungamo la Augsburg. Nicolas akafa Mechelen mwaka 1539, akaacha wana wadogo.

Wawili katika wana hao tunawajua kwa kazi zao, Frans na Remigius. Frans alizaliwa Mechelen katika miaka ya 1530. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi Antwerp, ambao siku zile ulikuwa mji mkubwa kabisa wa biashara katika pande zile za Ulaya. Wareno walikuwa na nyumba yao ya biashara huko, na pilipili na viungo vya Mashariki vilishushwa katika bandari yake. Penye biashara pana habari, na penye habari wapo watu watakao kuona picha na ramani.

Katika mji huo aliishi Abraham Ortelius, rafiki wa Frans, aliyekusanya ramani za nchi zote zilizojulikana na kuzitengeneza kwa kipimo kimoja, zikafungwa katika kitabu kimoja. Kitabu chake kilitolewa tarehe 20 Mei 1570 chenye kurasa 53 za ramani, nacho chahesabiwa kuwa atlasi ya kwanza kwa namna tuijuavyo leo. Mkono uliokata sehemu kubwa ya ramani zile katika shaba ulikuwa mkono wa Frans Hogenberg, na Ortelius hakuificha habari hiyo, bali alimtaja kwa jina katika utangulizi wake.

3. Siku za mateso

Mbegu ya Injili ilifika Antwerp mapema. Ndugu wawili wa utawa wa Augustino katika mji huo, Hendrik Vos na Jan van Essen, walichomwa moto mjini Brussels tarehe 1 Julai 1523, kwa sababu hawakukubali kuyakana mafundisho ya Luther. Wao ndio mashahidi wa kwanza wa Matengenezo waliouawa kwa ajili ya imani hiyo, na habari zao zilimtia Luther huzuni, akatunga wimbo kwa ajili yao.

Miaka ikapita, na mateso hayakukoma. Mwaka 1566 watu wenye hasira waliingia katika makanisa ya nchi ile, wakayavunja masanamu, madirisha na viti vya ibada. Katika mji wa Antwerp jambo hilo lilitokea tarehe 20 Agosti. Ndipo mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, mwana wa yule Kaisari Karl, akamtuma Duke wa Alba pamoja na jeshi kubwa. Mwaka 1567 Duke akaingia Brussels, akaweka baraza la hukumu, na watu wakaliita Baraza la Damu. Wengi waliuawa, na maelfu walihukumiwa kutengwa na nchi yao na kunyang'anywa mali. Mwaka 1568 Frans Hogenberg naye alifukuzwa.

Basi tazameni jinsi mambo ya dunia yageukavyo. Baba alipata sifa kwa kuichora fahari ya Kaisari. Mwana akafukuzwa na mtumishi wa mwana wa Kaisari huyo. Mwenye kuitegemea fahari ya wakuu aikumbuke habari hii.

Frans alikwenda London. Huko alikata picha ya jengo kubwa la wafanya biashara, lililojengwa na Thomas Gresham kwa mfano wa jengo la namna hiyo la Antwerp. Mkimbizi aliyefungiwa mji wake akakaa katika mji wa wengine, akaichora nyumba iliyofanana na ile ya kwao.

Nduguye Remigius naye alifanya kazi Uingereza. Alikuwa katika utumishi wa Matthew Parker, Askofu Mkuu wa Canterbury, akakata sura ya askofu huyo katika shaba; picha hiyo ya mwaka 1573 ni katika picha za kwanza za namna hiyo zilizofanywa katika nchi ile. Baadaye alikata baadhi ya ramani za majimbo ya Uingereza zilizopimwa na Christopher Saxton na kutolewa pamoja mwaka 1579. Mwaka 1587 alikata ramani ya mji wa Exeter. Hivyo Waingereza wenyewe walijifunza kuitazama nchi yao kwa msaada wa mkono wa mgeni.

4. Mkimbizi na padre

Kama mwaka 1570 Frans alihamia Cologne, mji mkubwa juu ya mto Rhine. Mji huo ulikuwa wa Kikatoliki, na watu wa Matengenezo hawakuruhusiwa kuabudu waziwazi. Wakimbizi waliotoka nchi za Waflemi walikutana katika nyumba za watu. Hata hivyo Frans alikaa huko, akafanya kazi huko, akafa huko mwaka 1590.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji ule walimochukuliwa. Twaona mfano wa neno hilo katika maisha ya Frans. Maana katika Cologne alishirikiana na Georg Braun, padre wa Kikatoliki, mtu mwenye elimu nyingi, na wawili hao walianza kazi iliyoendelea hata baada ya kufa kwake Frans: kitabu cha miji ya dunia, chenye jina la Kilatini Civitates Orbis Terrarum.

Sehemu ya kwanza ilitolewa mwaka 1572, ya pili 1575, ya tatu 1581, ya nne 1588. Ya tano ikatoka karibu na mwisho wa karne ile, na ya sita mwaka 1617. Katika sehemu ya mwisho fundi alikuwa Abraham Hogenberg, wa jamaa hiyo hiyo. Kwa jumla sehemu hizo sita zina picha za miji zaidi ya 500. Braun aliandika maelezo na kuwaandikia watu wa miji mbalimbali wamletee habari na michoro; Frans na wenzake walikata shaba. Joris Hoefnagel wa Antwerp, aliyesafiri sana, aliwapa michoro mingi aliyoichora kwa macho yake mwenyewe.

Hatusemi ya kuwa tofauti za imani ni kitu kidogo. Watu walikufa kwa ajili yake. Lakini twaona hapa ya kuwa mtu aliyefukuzwa na Wakatoliki hakuona vibaya kuketi meza moja na Mkatoliki mwaminifu katika kazi njema, na padre yule hakuona aibu kufanya kazi na mkimbizi.

5. Ushuhuda juu ya watu wa kwetu

Mbali na miji, Frans alikata na kuuza picha za mambo yaliyotokea katika siku zake. Siku zile hapakuwa na magazeti kama tuyajuavyo, na karatasi moja yenye picha, na maneno machache ya Kidachi chini yake, iliwapa watu habari za vita. Alichora kuingia kwake Duke wa Alba. Alichora kuuawa kwa wakuu wawili, Egmont na Hoorne, waliokatwa vichwa Brussels tarehe 5 Juni 1568. Alichora pia jinsi askari wa Hispania, ambao hawakuwa wamelipwa mshahara wao, walivyoushambulia mji wa Antwerp tarehe 4 Novemba 1576, wakaua maelfu ya watu na kuteketeza sehemu ya mji pamoja na jumba la baraza.

Si ajabu mkimbizi kuonyesha ubaya wa waliomfukuza. Lakini katika picha zake iko moja ambayo twawaomba mwifikirie sana. Ni picha ya tarehe 20 Agosti 1566, siku ya kuvunjwa kwa masanamu. Tunaona ndani ya kanisa. Watu wamefunga kamba katika sanamu na kuzivuta chini; wengine wavunja madirisha; wengine wachukua vitu. Na maneno yaliyo chini ya picha yasema wazi ya kuwa waliofanya hivyo ni Wakalvini, watu wa Matengenezo.

Frans angaliweza kuiacha siku hiyo. Angaliweza kuanza habari zake na kuja kwa Duke wa Alba, ili watu waone dhuluma tu, wasione kitu kilichotangulia. Hakufanya hivyo. Aliyachora machafuko ya watu wa upande wa Matengenezo kwa chuma kile kile alichotumia kuchora ukatili wa Wahispania. Na sisi Walutheri tusijitenge tukisema, Hao hawakuwa sisi. Mwaka 1522 vurugu za namna hiyo zilikuwa zimeingia Wittenberg kwenyewe, hata ikambidi Luther kutoka mafichoni Wartburg na kuhubiri siku nane mfululizo, akiwafundisha watu ya kuwa imani haiingizwi wala sanamu haiondolewi moyoni kwa nguvu za mikono.

Hili ndilo fundisho la kwanza. Shahidi mwaminifu hasemi kosa la adui tu, bali husema pia la ndugu yake, na la nafsi yake. Mzee wa usharika aandikapo habari za ugomvi na kueleza jinsi wale walivyotenda vibaya, wala asitaje jinsi sisi tulivyoanza, hakuna neno la uongo katika barua yake, hata hivyo barua nzima ni ya uongo.

6. Ushuhuda juu ya watu tusiowaona

Sasa twafika pwani yetu. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu cha miji, ile ya mwaka 1572, uko ukurasa mmoja wenye miji minne. Juu umechorwa Aden, bandari ya Arabuni. Chini yake zimepangwa picha tatu ndogo zenye majina haya: Mombaza, Quiloa, Cefala. Ndiyo Mombasa, Kilwa na Sofala, kama masikio ya Wareno yalivyoyasikia majina hayo.

Ni heshima kuiona miji hiyo katika kitabu kimoja na Roma, London na Paris. Ilistahili heshima hiyo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wake. Dhahabu ya bara ilishuka Sofala na kupita Kilwa. Msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, wasimama hata leo katika magofu yake, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Walakini Frans hakufika huku, wala Braun hakufika. Walichora walichopewa na wengine. Na tazameni kilichokosekana. Katika mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida alifika Kilwa na merikebu za Wareno, akauteka mji na kuuteka nyara. Mwezi wa Agosti akafika Mombasa. Watu wa mji walipigana naye. Mji ukatiwa moto, na mali yao ikachukuliwa. Mwaka 1528 Wareno wengine wakaja Mombasa na kuuharibu tena. Mambo hayo yalikuwa yamepita zamani, wakati Frans alipoikata shaba yake. Lakini katika picha ya Mombasa hakuna moto, wala katika picha ya Kilwa hapana nyara. Kuna miji imetulia kando ya maji.

Twaweza kupima sasa. Fundi huyu alijua maana ya mji kuteketezwa. Antwerp ulipoungua aliuchora ukiungua. Kama angalijua habari za Mombasa kama alivyojua za Antwerp, huenda angaliichora vivyo hivyo. Lakini habari zilizomfikia zilipita mikononi mwa wale waliouchoma. Naye asemaye wa kwanza, kama Mithali zituonyavyo, huonekana kuwa na haki, hata mwenzake aje na kumhoji. Hapakuwa na mtu wa Mombasa katika Cologne wa kuja na kuhoji.

Kwa hiyo hatumwiti Frans mwongo. Twasema ya kuwa mtu mwaminifu aweza kuuchukua ushuhuda usio kamili na kuupeleka mbali, bila kujua. Na kwa kuwa kazi yake ni nzuri, watu huuamini zaidi.

Uko mfano mwingine katika kitabu hicho hicho. Mbele ya miji mingi wamechorwa watu wa mahali pale wakiwa na mavazi yao. Braun alieleza katika utangulizi ya kuwa watu hao wamewekwa makusudi, ili Waturuki wasikitumie kitabu kwa vita, kwa kuwa dini yao haiwaruhusu kutazama sura za wanadamu. Kumbe, katika miaka ile ile walikuwako mjini Istanbul, katika jumba la Sultani, wachoraji waliochora watu, farasi na vita katika vitabu vya Sultani mwenyewe! Padre mwenye elimu nyingi aliandika juu ya jirani neno alilolisikia, wala hakulichunguza. Likapigwa chapa, likatoka katika kila nakala.

7. Yatupasayo sisi

Wapendwa wasomaji, na hasa ninyi walimu na wainjilisti, yatupasa kujihoji. Sisi tuliopata kuchorwa na watu wasiotuona, je! twawachoraje wengine?

Mara ngapi mtu husimama mbele ya kusanyiko na kueleza desturi za kabila la mbali, ambalo hakulala kwao hata usiku mmoja? Mara ngapi twasema, Waislamu huamini hivi, Wakatoliki hufanya vile, na maneno hayo tuliyapata kwa mtu aliyeyapata kwa mtu? Twaeleza dini ya wazee wetu wa kale kana kwamba haikuwa na kitu ila giza, wala hatukumwuliza mzee hata mmoja. Naye asikilizaye huyachukua maneno yetu nyumbani, akawafundisha watoto wake, kama karatasi zitokazo katika mtambo.

Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 Luther hakuridhika kutuonya tu tusimzulie jirani yetu uongo. Alitufundisha pia tumtetee, tumnene mema, na mambo yake tuyaeleze kwa upande ulio mwema. Wala jirani huyo si Mkristo mwenzetu tu. Mtu wa Mombasa alikuwa jirani ya fundi wa Cologne, ijapokuwa bahari kubwa ilikuwa kati yao.

Basi tushike mambo matatu. La kwanza, kabla ya kusema habari ya mtu, tujiulize: Niliona, au nilisikia? Kama tulisikia, tuseme ya kuwa tulisikia, na tumtaje tuliyemsikia. Ortelius hakuona haya kumtaja fundi wake. Kwa nini sisi tuone haya kumtaja aliyetuambia? La pili, tumtafute yule anenwaye, tumpe nafasi ya kusema mwenyewe. Kama ni neno la usharika mwingine, tuandike barua kwao kwanza. Kama ni desturi ya jirani, tuende tuketi kwake. La tatu, tukijua ya kuwa tulikosa, tusiache kosa likaendelea kutoka. Fundi wa shaba huisugua na kuigonga shaba yake kwa taabu, apate kukata upya. Nasi turudi mbele ya watu wale wale, mahali pale pale tuliposema, tukaseme, Nilikosa, habari ya kweli ni hii. Ni aibu ya dakika chache, lakini humwokoa jirani katika aibu ya miaka mingi.

Jamaa ya Hogenberg imekwisha lala, na mitambo yao imekwisha nyamaza. Karatasi zao bado zashuhudia, zile zilizo kamili na zile zilizopungukiwa. Maneno yetu nayo yatabaki baada yetu katika vinywa vya watoto wetu. Bwana Yesu Kristo, aliyeshtakiwa na mashahidi wa uongo asiwarudishie mabaya, atutakase midomo yetu, atupe moyo wa kuipenda kweli, na wa kumpenda jirani hata tusipomwona.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Mkata shaba akikosea, kwa nini kosa lake ni zito kuliko la mchoraji wa picha moja? Maneno yetu yafananaje na kazi hiyo?

2. Frans Hogenberg aliionyesha siku ya kuvunjwa kwa masanamu. Je! katika usharika wetu liko jambo tulilozoea kulieleza nusu tu?

3. Someni Mithali 18:17. Ni nani aliyesema kwanza juu ya Mombasa na Kilwa, na ni nani hakuulizwa?

4. Someni Yeremia 29:4–7. Mkristo akaaye ugenini, katikati ya watu wa imani nyingine, autakieje mji ule amani pasipo kuikana imani yake?

5. Kila mmoja afikirie neno moja alilolisema juu ya jirani pasipo kulichunguza. Afanye nini juma hili?